Kumi Waliodhaminiana: Majirani na Ulinzi wa Amani katika Uingereza ya Zama za Kati

Katika Uingereza ya karne ya 13 hapakuwa na jeshi la polisi, wala kituo ambako mtu aliyeibiwa ng'ombe angekwenda kuandikisha malalamiko yake. Mfalme alikuwa na sherifu mmoja katika kila jimbo, na sherifu huyo alikuwa na makarani na wasaidizi wachache, ambao sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa kukusanya mapato ya mfalme. Hata hivyo mwizi alifuatwa, maiti ilikaguliwa kabla ya kuzikwa, malango ya miji yalilindwa usiku, na mtuhumiwa alitajwa kwa jina lake mbele ya mahakimu. Waliofanya kazi hizo zote walikuwa wanakijiji wenyewe, tena si kwa hiari: sheria ilimfunga kila mmoja kwa mwenzake, na walipozembea walitozwa faini kwa pamoja.

Nimefundisha somo la historia katika shule za sekondari za huku kusini, na kwa sasa nimo katika kamati ya ulinzi ya kitongoji chetu wilayani Masasi. Msimu wa korosho unapokaribia, vibarua wanapoanza kuingia na magunia yanapoanza kulala nje, swali hurudi lile lile kila kikao: mtu akiiba, nani mwingine awajibike pamoja naye? Wapo wanaotaka familia yake ilipe, wapo wanaotaka mwenye nyumba alikopanga alipe, na wapo wanaotaka majirani wote waliokuwa zamu usiku ule walipe. Nimeona niandike kwa kirefu habari za Waingereza wa kale, si kwa sababu wao ni kipimo chetu, bali kwa sababu waliishi na swali hili kwa karne kadhaa na wakaacha kumbukumbu nyingi za mahakama zinazoonyesha lilivyowafikisha. Ninavyowaelewa, sheria ilipowatwika majirani mzigo wa dhamana iliwakabidhi pia hukumu, na majirani hao walimtazama mwenzao kwa jicho moja na mgeni kwa jicho jingine. Wema wa utaratibu ule na ukatili wake vilitoka katika chanzo hicho kimoja.

Mwanzoni mzigo haukuwa wa majirani, ulikuwa wa ukoo. Katika sheria za kale za Wasaksoni, watu waliotawala Uingereza kabla ya mwaka 1066, kila mtu alikuwa na thamani ya damu yake: katika ufalme wa Wessex mkulima huru aliyeuawa alilipiwa shilingi 200 na mtu wa tabaka la juu shilingi 1,200, na ndugu wa muuaji ndio waliotakiwa kuzichanga, la sivyo ndugu wa marehemu walikuwa na haki ya kulipiza kisasi. Jambo hili halitamshangaza msomaji wa Mtwara au Lindi. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera wamefuata ukoo wa mama kwa vizazi vingi, na wazee wetu wanajua uzito uliokuwa mabegani mwa mjomba pale mpwa wake alipoharibu mali ya watu au alipojeruhi mtu. Hakuulizwa kama yeye mwenyewe alikuwepo. Aliulizwa ataleta nini na lini.

Mfalme Edmund, aliyetawala kuanzia mwaka 939 hadi 946, alianza kuukata uzi huo. Aliagiza kwamba aliyeua aubebe uadui peke yake, isipokuwa kama ndugu zake watakubali kumsaidia kulipa ndani ya miezi 12. Na kama ndugu wamemkana, wasimpe chakula wala hifadhi, basi hao wasiguswe. Nadhani hatua hii ni kubwa kuliko vitabu vingi vya shule vinavyoionyesha. Mara ukoo ulipoanza kuruhusiwa kujitoa, palibaki pengo, kwa sababu serikali haikuwa na askari wa kuliziba. Aliyeingizwa kulijaza ni jirani.

Tayari katika miaka ya utawala wa Athelstan, kaka yake Edmund, watu wa London na vijiji vya jirani walikuwa wamejipanga katika makundi ya kumi kumi, kila kundi na kiongozi wake, na makundi kumi yakawa chini ya kiongozi mkubwa zaidi. Kila mwanachama alichanga peni nne kwa mwaka, mali iliyoibiwa ikafidiwa kutoka katika mfuko huo, na kufuata nyayo za mifugo iliyoibwa kukawa wajibu wa wote. Viongozi walikutana mara moja kwa mwezi, wakala pamoja, na chakula kilichobaki kikatolewa sadaka. Anayejua namna vikoba vyetu vinavyoendeshwa, kwa michango, mfuko na vikao vya kudumu, ataona upesi kwamba nguvu ya chama kile haikuwa silaha, ilikuwa kujuana na kukutana mara kwa mara.

Katikati ya karne hiyo ya 10 utaratibu huo ulitandazwa mashambani. Jimbo liligawanywa katika maeneo ambayo hapa nitayaita tarafa, na kila tarafa ilikuwa na baraza lililoketi kila baada ya wiki nne. Habari ya wizi ilipofika, watu walitakiwa kutoka bila kuchelewa na kumfuata mwizi. Aliyekataa kutoka alilipa peni 30 mara ya kwanza, peni 60 mara ya pili, nusu pauni mara ya tatu, na mara ya nne alinyang'anywa kila alichonacho na kuondolewa katika ulinzi wa sheria. Baadaye mfalme Cnut, mapema katika karne ya 11, aliagiza kwamba kila mwanamume huru aliyefikisha miaka 12 awe ndani ya kundi la kumi na ndani ya tarafa, na kwamba kijana wa umri huo aape kuwa hatakuwa mwizi wala mshirika wa mwizi.

Umri huo wa miaka 12 umenifikirisha sana. Sisi tunaokumbuka jando tunajua kwamba kijana hakurudi nyumbani akiwa amepona jeraha tu. Alirudi akiwa mtu ambaye neno lake linahesabiwa na kosa lake linauma watu wengine. Kiapo cha Cnut kilikuwa na maana kama hiyo kwa upande wa sheria. Kuanzia siku ile, kijana alihesabiwa pamoja na watu wazima wa kundi lake.

Baada ya Wanormani, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka nchi mwaka 1066, vitu viwili vilivyokuwa mbalimbali, yaani kundi la kumi la kumfuata mwizi na dhamana ambayo kila mtu alitakiwa kuwa nayo, viliunganishwa kuwa kitu kimoja. Katika karne ya 12 na ya 13 wanaume wa vijijini, walio huru na wasio huru, waliandikishwa katika makundi hayo. Wanawake hawakuandikishwa, wala mapadri, wala mashujaa wa farasi wenye vyeo, na watumishi waliokula mkate wa bwana mkubwa walidhaminiwa na bwana huyo mwenyewe. Sehemu nyingi za kusini, kundi halikuwa tena watu kumi kwa hesabu kamili, lilikuwa kijiji kizima au kipande cha kijiji. Na katika majimbo ya kaskazini ya mbali utaratibu huu haukuwepo kabisa. Sherifu, au bwana aliyepewa haki hiyo, aliwakagua mara moja au mbili kwa mwaka. Hati kuu ya uhuru (Magna Carta) ilipotolewa upya mwaka 1217 iliwekwa kanuni kwamba sherifu azunguke mara mbili kwa mwaka, baada ya Pasaka na baada ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, na kwamba ukaguzi wa dhamana ufanyike katika mzunguko huo wa pili.

Siku ya ukaguzi kiongozi wa kundi alisimama na kueleza nani amefariki, nani amefikisha miaka 12 na hajaandikishwa, nani amehama, nani amemwaga damu, nani ametengeneza pombe kinyume cha kipimo, nani ameziba njia ya maji. Mtu aliyetuhumiwa alipotoroka, kundi lilitakiwa limlete. Lilipomkosa lilitozwa faini, na faini ya kawaida ilikuwa nusu marki, yaani shilingi 6 na peni 8, jumla peni 80. Kibarua wa mwishoni mwa karne ya 13 alipata peni mbili au pungufu kwa siku, kwa hiyo nusu marki ilikuwa siku 40 au zaidi za kazi ya mtu mmoja. Ikigawanywa kwa wanaume kumi haiui mtu, lakini inauma kiasi cha kumfanya baba amuulize jirani yake mtoto wake wa kiume analala wapi siku hizi. Nafikiri kipimo hicho kilikuwa cha busara: faini iwe nzito kiasi cha kuwafanya watu waangaliane, isiwe nzito kiasi cha kuwafanya wafukarike na kuchukiana.

Sasa nije kwenye mayowe, kwa sababu hapa ndipo linapokuja jambo ambalo sisi tumelikosea vibaya. Aliyeona uhalifu, au aliyekuta maiti, alitakiwa kupiga yowe, na wote waliolisikia walitakiwa kuacha shughuli zao na kutoka. Mwanamke, ingawa hakuandikishwa katika kundi, alikuwa na haki kamili ya kupiga yowe, na kumbukumbu za mahakama za vijijini zina wanawake wengi waliofanya hivyo, wengine dhidi ya waume wa watu waliokuwa wamewapiga. Yowe lilifuata njia: watu wa kijiji cha kwanza walimkimbiza mtuhumiwa mpaka mpakani mwao, wakalikabidhi kwa kijiji kinachofuata, na kijiji kilichokaa kimya kilitozwa faini. Lakini aliyepiga yowe bila sababu ya haki naye alitozwa faini, na baraza liliuliza kila mara yowe lilipigwa na nani, juu ya nani, na kwa haki au bila haki. Kwa maneno mengine, sauti ya yowe ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo alijua kwamba ataulizwa.

Hapa kwetu mtu anaweza kupaza sauti ya "mwizi!" sokoni au stendi, na kabla ya robo saa kupita kijana amepigwa mawe au amechomwa moto, na kesho yake hakuna hata mmoja anayejua sauti ilianzia wapi. Tunasoma kwamba ameuawa na wananchi wenye hasira kali, maneno ambayo yanamficha kila mtu aliyekuwepo. Sitaki kuwapamba Waingereza wale. Mwizi aliyekamatwa akikimbia na mali mkononi aliweza kunyongwa baada ya kesi fupi mno, bila hata kupewa nafasi ya kujitetea. Hata hivyo kulikuwa na baraza, kulikuwa na watu waliosimama wakasema ni wao waliomkamata, na kulikuwa na kumbukumbu iliyoandikwa. Umati usio na jina hauwajibiki kwa pamoja. Kila mmoja ndani yake anajificha nyuma ya wengine. Wajibu wa pamoja unaanza pale ambapo kila aliyekuwepo anaweza kutajwa.

Dhamana hiyo ilikuwa pia na uso mwingine, uso wa mtekaji. Baada ya 1066 Wanormani walikuwa wachache katikati ya watu waliowachukia, na waliuawa njiani na porini. Basi ikawekwa amri kwamba Mnormani akikutwa ameuawa na muuaji asipoletwa, tarafa nzima itatozwa faini kubwa. Maiti yoyote ya mtu aliyeuawa ilihesabiwa kuwa ya Mnormani mpaka ndugu zake wajitokeze kuthibitisha kwamba alikuwa Mwingereza. Karibu mwaka 1179 mweka hazina wa mfalme, Richard FitzNigel, aliandika kwamba mataifa hayo mawili yamekwisha changanyika kwa kuoana kiasi kwamba miongoni mwa watu huru haiwezekani kumjua nani ni nani. Hata hivyo faini iliendelea kutozwa kwa zaidi ya karne moja na nusu baada ya maneno hayo, hadi ilipofutwa mwaka 1340, kwa sababu ilikuwa imekwisha geuka kuwa mapato.

Mtu wa kusini anapousoma ukurasa huo hawezi kuutenga na mwaka 1905. Vita vya Majimaji vilipoanza katika milima ya Wamatumbi, katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Lindi, Wajerumani hawakuishia kuwasaka waliochukua silaha. Walichoma vijiji, wakateketeza mashamba na maghala ya chakula, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Hilo nalo liliitwa kuwajibisha jamii. Ninasema kwa uzito wote kwamba vitu hivi viwili visiitwe jina moja. Kundi la kumi la kijijini lilidhamini watu ambao liliwajua, likasikilizwa barazani, na lingeweza kujitetea kwamba mtu fulani hakuwa wa kundi lake. Tarafa iliyolipia maiti ya Mnormani, na mama wa Kimatumbi aliyechomewa ghala lake la mtama, hawakuwa na uwezo wowote juu ya tendo walilolipishwa. Palipo na mzigo bila uwezo na bila kusikilizwa, pana adhabu ya mtekaji tu.

Uwezo ambao majirani wa Kiingereza walikuwa nao ulionekana zaidi mahakamani. Mwaka 1166 mfalme Henry II aliagiza huko Clarendon kwamba katika kila tarafa watu 12 waaminifu, na katika kila kijiji watu wanne, waape na kuwataja wote wanaosemekana kuwa wanyang'anyi, wauaji au wezi, na wote wanaowapokea. Aliyetajwa alipelekwa kwenye jaribio la maji: alifungwa, akateremshwa katika maji yaliyobarikiwa na padri, akizama ana haki, akielea ana hatia. Wazee wa huku walioujua mwavi, ile dawa aliyonyweshwa mtuhumiwa ili ijulikane kama ana hatia, wataelewa mara moja mantiki ya jambo hilo. Lakini kuna kifungu kimoja cha amri ya Clarendon ambacho mimi nimekirudia mara nyingi darasani. Mtu aliyeshinda jaribio la maji, yaani aliyesafishwa na Mungu mwenyewe mbele ya watu wote, kama majirani wengi walikuwa wamemsema vibaya, alitakiwa kuihama nchi na kuvuka bahari ndani ya siku nane, upepo ukiruhusu. Maji yamesema hana hatia, majirani wamesema hatumtaki, na neno la majirani ndilo lililoshika.

Mwaka 1215 mtaguso wa Kanisa uliofanyika Lateran uliwakataza mapadri kuyabariki majaribio hayo, na Uingereza ikawa haina tena njia ya kumwuliza Mungu. Iliwauliza majirani. Watu 12 wa eneo walitakiwa kusema chini ya kiapo kama mtuhumiwa ametenda au hakutenda, na hawakuchaguliwa kwa sababu hawajui habari, kama ilivyo leo huko Uingereza katika juri, yaani jopo la raia wanaoamua kesi. Walichaguliwa kwa sababu wanaijua. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kwa mtu anayefikiri kwamba zama zile zilijaa vitanzi. Washitakiwa wengi wa mauaji walitoroka na kutangazwa kuwa nje ya sheria, na wengi wa wale waliofikishwa mbele ya juri waliachiwa. Majirani walijua kwamba adhabu ya kosa kubwa ni kamba, na hawakuona kwamba kila ugomvi wa kilabuni uliokwisha vibaya unastahili kamba. Wakati mwingine mtu alikimbilia kanisani, akapewa siku 40, akaungama mbele ya ofisa wa mfalme wa kuchunguza vifo, ofisa aliyeanzishwa mwaka 1194, kisha akaapa kuiacha nchi na kwenda zake bandarini. Kijiji kililazimika kulilinda kanisa usiku na mchana asitoroke, na akitoroka kilitozwa faini.

Mwenye kusoma habari hizi anaweza kusema kuwa majirani walikuwa na huruma, na ni kweli. Ila mfalme Edward I aliona upande wa pili. Katika sheria aliyoitoa Winchester mwaka 1285 alilalamika waziwazi kwamba unyang'anyi, mauaji na uchomaji wa nyumba unaongezeka kila siku, na kwamba watu wa juri wanaona afadhali uhalifu uliofanywa dhidi ya wageni upite bila adhabu kuliko kuwashitaki wahalifu ambao wengi wao ni watu wa eneo lao wenyewe. Mfanyabiashara aliyenyang'anywa njiani hakuwa jirani wa mtu. Hakuwa na kundi la kumi, hakuwa na shangazi kijijini, na msimu ujao huenda asirudi.

Dawa aliyoitoa Edward ilikuwa kuzidisha mzigo. Tarafa isiyowaleta wanyang'anyi ilipe hasara yenyewe. Malango ya miji yafungwe tangu jua linapozama hadi linapochomoza. Ulinzi wa usiku uwekwe tangu sikukuu ya Kupaa hadi ya Mtakatifu Mikaeli, watu sita kwa kila lango la mji mkubwa, 12 kwa kila mji mdogo, na sita au wanne kwa kijiji kulingana na wingi wa wakazi. Vichaka vikatwe futi 200 kila upande wa barabara kuu ziendazo kwenye masoko, isipokuwa miti mikubwa. Kila mwanamume wa miaka 15 hadi 60 awe na silaha ya kiasi cha mali yake. Na mgeni apitaye usiku akamatwe mpaka asubuhi. Hapo utaona: sheria iliyoanza kwa kusikitika kwamba wageni wananyimwa haki ilimalizia kwa kumfanya kila mgeni kuwa mtuhumiwa tangu giza liingiapo.

Kulikuwa na kanuni nyingine juu ya wageni iliyokuwa ya kale zaidi, nayo ninaipenda kuliko hii. Usiku wa kwanza mtu ni mgeni asiyejulikana, usiku wa pili ni mgeni wako, usiku wa tatu ni mtu wa nyumba yako, na utamjibia kama unavyomjibia mwanao. Mwaka 1176 mahakimu wa mfalme waliagizwa huko Northampton kwamba mtu asimlaze mgeni zaidi ya usiku mmoja kama hayuko tayari kumdhamini. Sisi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kwa kawaida tunalisema kwa ajili ya uvivu. Lakini mtu aliyepewa jembe si mzigo tu, amekwisha ingizwa katika hesabu ya watu wa nyumba hiyo. Anakula nao, anafanya kazi nao, na akikosea wenyeji ndio watakaoitwa.

Nchi yetu nayo imewahi kuwapanga watu kumi kumi. Katika miaka ya 1960 TANU ilianzisha nyumba kumi, na mjumbe wa nyumba hizo alijua nani amezaliwa, nani ana mgeni, na nani anagombana na mkewe. Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, mjumbe alibaki kuwa wa chama, na kazi za kiserikali zikawa za mitaa na vitongoji. Katika miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi waliunda sungusungu dhidi ya wezi wa ng'ombe, na sheria ya mwaka 1989 ikawatambua. Nilimwuliza mzee mmoja wa kitongoji chetu, aliyekuwa mjumbe enzi zile, kama alipata kutoza majirani faini kwa ajili ya kosa la mmoja wao. Alinijibu, "Mwalimu, mwanangu, mimi sikuwa na faini. Nilikuwa na daftari, na nilikuwa napita. Mtu akijua nitapita jioni, hawezi kumficha mtu ndani." Tulizungumza mengi, ila jibu hilo ndilo nililolichukua, kwa kuwa linafanana sana na ninavyouelewa utaratibu wa kundi la kumi ulipofanya kazi vizuri: ukaguzi wa kudumu ulizaa zaidi kuliko faini.

Kule Uingereza makundi ya kumi yalififia baada ya tauni kubwa ya 1348 na 1349, ambayo iliua watu wengi mno na kuwafanya waliobaki wahamehame kutafuta ujira bora. Mwaka 1361 waamuzi wa amani, watu wenye mashamba makubwa walioteuliwa na mfalme, walipewa mamlaka katika kila jimbo, na polisi wa London walianzishwa mwaka 1829 tu. Hata hivyo wazo la kulipa kwa pamoja halikufa upesi: sheria ya mwaka 1886 juu ya fidia za ghasia, iliyoziondoa tarafa na kuuweka mzigo huo juu ya fedha za polisi wa eneo, ilibaki ikitumika hadi sheria mpya ya mwaka 2016.

Narudi Masasi. Vibarua wanaokuja kupalilia, kupulizia dawa na kuokota korosho wanatoka wilaya nyingine, mikoa mingine, na wengine wanavuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Gunia likipotea ghalani, wao ndio wa kwanza kutajwa, na mara nyingi ni wao wanaodhulumiwa ujira au kunyang'anywa simu bila mtu yeyote kupiga yowe kwa ajili yao. Pendekezo nililoliandika kwa kikao cha kitongoji kabla ya msimu kuanza ni kwamba kila mwenye shamba amwandikishe kibarua wake kwa mwenyekiti ndani ya siku tatu, na kwa kuandika jina lake pembeni awe mdhamini wake kwa pande zote mbili: kibarua akituhumiwa, mwenye shamba amlete barazani akiwa hai na asikilizwe, kibarua akidhulumiwa, mwenye shamba huyo huyo asimame kumdai haki yake. Faini kwa majirani wa zamu nimeipinga, kwa kuwa tutawafanya wafiche habari wasije wakalipa. Badala yake nimeomba daftari la zamu lisomwe kila wiki mbele ya watu, likionyesha nani alikuwepo na nini kilitokea. Mwenyekiti amekubali kuliweka katika ajenda. Wenye mashamba makubwa wameanza kusema kwamba kuwadhamini watu 20 au 30 ni usumbufu, hasa hilo la kuwadai haki, na mimi nimewaomba waje waliseme kikaoni, vibarua wenyewe wakiwepo.